Machimbo Yasiyo na Geti

Zebaki humiminwa kwenye karai lenye mchanga uliosagwa, kisha vidole huivuruga mpaka ikamate dhahabu. Kinachopatikana hukamuliwa kwa kitambaa, kikawa kidonge cheupe, na kidonge huchomwa juu ya mkaa. Mvuke wake ni sumu ya ubongo na figo. Mwaka 2013 Human Rights Watch ilichapisha ripoti kuhusu watoto waliokuwa wakiifanya kazi hiyo kwa mikono mitupu katika machimbo ya Geita, Shinyanga na Mbeya, nchini Tanzania. Wengine waliokutwa machimboni walikuwa na miaka 8.

Sheria zilikuwapo.

Mgodi wa Geita wa enzi za Mwingereza, ulioanza miaka ya 1930, ulifungwa 1966. Wachimbaji wadogo ndio waliorudi kwa wingi, hasa baada ya 1990, Benki Kuu ilipoanza kununua dhahabu yao bila maswali mengi. Hapo ndipo rashi zilipopamba moto: habari ikivuma, pori linageuka mji wa maturubai, makarasha ya kusagia mawe na mama lishe. Wilaya ya Chato, iliyokatwa kutoka Biharamulo mwaka 2005 na kuingizwa Mkoa wa Geita mwaka 2012, imo katika ukanda huohuo. Mkulima wa pamba akiamua kujaribu bahati, hasafiri mbali. Mara nyingi watoto nao huwemo: kubeba viroba, kuponda mawe, kuchota maji, na wenye ujasiri kuteremka duarani, yaani shimoni.

Machimbo kama hayo ni vigumu kuyakagua. Uingereza ilipowazuia watoto wa chini ya miaka 9 kufanya kazi katika viwanda vingi vya nguo, mwaka 1833, iliteua wakaguzi 4 tu. Walikuwa wachache mno, ila angalau kiwanda kilikuwa na geti, kengele na tajiri wa kushtakiwa.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mgodini mtoto wa chini ya miaka 18. Shida iko kwenye hilo neno kumwajiri. Anayeponda mawe ya mjomba wake hana mkataba wala mshahara, na mkaguzi akifika leo, kesho rashi imehamia kilima kingine.

Kilichogusa kaya moja kwa moja kuliko sheria hiyo ni kufutwa kwa ada ya shule. Ya msingi ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ya sekondari hadi kidato cha nne ikafuata Januari 2016, chini ya John Magufuli, mzaliwa wa Chato. Sare na madaftari vilibaki mzigo wa mzazi, na kwa wengine pesa hiyo ilitoka kwenye viroba vilevile.

Mwaka 2020 Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki. Nchi ambayo uchimbaji wake mdogo wa dhahabu si wa kupuuzwa inatakiwa kuandaa mpango wa taifa, na ndani yake mkakati wa kuwaepusha watoto na zebaki. Humo hakuna haja ya kumtafuta mwajiri: mtoto anahesabiwa hata pale ambapo mwenye zebaki ni baba yake mzazi.