Kabla ya barua pepe: behewa la barua hadi Kisumu

Vifurushi vingi siku hizi hupita hapa Nyamasaria kwa basi la usiku. Zamani vilikuja kwa reli. Reli ya Uganda ilifika Port Florence, yaani Kisumu, Desemba 1901. Mifuko ya barua kutoka Mombasa ilishushwa behewani, ikapakiwa melini na kuvuka ziwa hadi Entebbe. Kwa lugha yetu ya tarakilishi, Kisumu ilikuwa ruta ya pakiti za Uganda.

Mwaka 1931 reli ya kupitia Eldoret ikafika Kampala. Huko hakukuwa na kushusha wala kupakia tena melini. Kisumu ikabaki na barua zake na za bandari za ziwa.

Kwa hiyo tusiringie kuwa njiani tu. Tutengeneze kitu ambacho watu watakifuata hapa hapa.