Vifaru wa Lado Nyuma ya Kioo

Anayetoka Adumi, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kwenda kuuona mto Nile hupita Arua mjini, kisha huteremka kuelekea mashariki hadi Rhino Camp. Maana ya jina hilo ni kambi ya vifaru. Siku hizi linatajwa zaidi kwa sababu ya makazi ya wakimbizi kutoka Sudan Kusini, na vijana wengi hawajui kwamba ukingo huo wa mto uliwahi kuvuta wawindaji kutoka Ulaya na Marekani. Ngozi, mafuvu na michoro waliyoondoka nayo bado ipo, lakini ipo kwa wengine.

Historia ya mali hiyo inaanza na ardhi yenyewe. Mnamo Mei 1894 Uingereza ilimkodisha Mfalme Leopold II wa Ubelgiji eneo la Lado, magharibi ya Nile, kwa muda wa uhai wake. Walugbara, Wamadi, Waalur na Wakakwa walioishi humo hawakuulizwa. Leopold alifariki tarehe 17 Desemba 1909. Mwaka 1910 Lado ikawekwa chini ya Sudan, na mwaka 1914 sehemu ya kusini ikaingizwa Uganda. Mwaka huohuo kituo cha utawala kikafunguliwa Arua. Ardhi ilibadilishiwa wenye mamlaka mara tatu ndani ya miaka 20. Mfalme alipokufa, kabla utawala mpya haujashika vizuri, wasaka pembe za ndovu waliingia kwa pupa.

Percy Powell-Cotton alikuwa amewatangulia. Mwingereza huyu mwenye shamba kubwa huko Quex Park, Birchington, katika jimbo la Kent, alipita Lado katika safari yake ndefu ya kati ya 1904 na 1907. Vifaru weupe aliowapata huko walimfikia mtaalamu wa wanyama Richard Lydekker kama vielelezo, naye mwaka 1908 akawatangaza kuwa aina ya peke yake na kuwapa jina la cottoni. Mnyama aliyejulikana kwa wenyeji tangu enzi za mababu akaingia katika vitabu vya sayansi kwa jina la aliyempiga risasi.

Huko Quex, Powell-Cotton alikuwa na jumba la makumbusho lililoanza mwaka 1896 kama banda la kuwekea mawindo yake. Wanyama walijazwa na kampuni ya Rowland Ward ya London, wakapangwa nyuma ya vioo vikubwa, na ukuta wa nyuma ukapakwa rangi: anga, milima, mbuga inayofifia kwa mbali. Huo ni mchoro wa uwindaji wa Kiingereza, ila wanyama wa mbele wana ngozi halisi. Mtazamaji huona Afrika iliyotulia, isiyo na moshi wa jiko wala njia ya miguu. Wapagazi, wafuatiliaji nyayo na wapishi hawamo. Hakuna hata mmoja wa wawindaji hao aliyeweza kusogeza ngozi mbichi ya kifaru hadi ufukweni bila mabega ya watu hao, na kutokuwepo kwao ndiko kasoro kubwa ya picha hiyo, kubwa kuliko ufa wowote wa rangi.

Mwingine aliyewinda Lado ni W. D. M. Bell, Mskoti, ambaye alichora kwa mkono wake. Kitabu chake cha mwaka 1923 kuhusu uwindaji wa ndovu kina michoro yake mwenyewe. Bell alipasua fuvu la ndovu kwa msumeno ili ajue ubongo umelala wapi, na elimu hiyo inaonekana katika mistari yake: ndovu wake ana uzito na mwendo wa kweli. Ni kazi nzuri. Pia ni kazi ya mtu aliyeua ndovu zaidi ya 1,000, na mambo hayo mawili hayatenganishiki.

Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, alipiga kambi Rhino Camp Januari 1910, akikusanyia makumbusho ya Smithsonian ya Washington. Picha nyingi za kamera zilikuwa kazi ya mwanawe, Kermit. Michoro ya kitabu cha Roosevelt kuhusu safari hiyo ilichorwa na Philip R. Goodwin, ambaye hakuwemo katika msafara huo.

Hali ya vitu vya makumbusho vya namna hii ni jambo la kuangaliwa kila mwaka. Mwanga hupausha manyoya na rangi za ukutani. Hewa ikikauka, ngozi hupasuka kwenye mishono. Ikiwa na unyevu, kuvu huota. Nondo na mbawakawa wa ngozi hula kimyakimya, na dawa ya zamani ya kuwazuia ilikuwa aseniki, hivyo mhudumu huvaa glavu hadi leo. Tangu 2011 imeongezeka hatari ya wezi. Mwaka huo walivamia makumbusho kadhaa ya Ulaya wakitafuta pembe za vifaru. Huko Tring, Uingereza, waliondoka na pembe za bandia, kwa sababu zile za kweli zilikuwa zimeshafichwa.

Eneo la West Nile, ulipo mji wa Arua, nalo lilijaribu kuwalinda vifaru waliobaki. Hifadhi ya Ajai, yenye jina la chifu wa eneo hilo, ilitengwa kwa ajili yao, na katika miaka ya 1960 baadhi walihamishiwa Murchison Falls. Ujangili na vita viliwamaliza nchini Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1980. Dume la mwisho la aina ya cottoni duniani, lililoitwa Sudan, lilikufa Ol Pejeta, Kenya, tarehe 19 Machi 2018, likiacha majike wawili, Najin na Fatu. Kwa hiyo ngozi na mifupa ya makumbusho imepata kazi mpya: wanasayansi huchukua vipande vidogo na kusoma chembe za urithi za vifaru waliokufa zaidi ya karne moja iliyopita.

Katika kumbukumbu za kisayansi, asili ya cottoni imeandikwa kwa jina la Lado. Mwanafunzi wa Arua akilitafuta kwenye ramani ya Uganda hatalipata. Kuongeza majina ya Arua, Rhino Camp na Ajai kwenye vibandiko vya Kent na Washington kungegharimu wino kidogo tu.