Mguu au kichwa? Swali la uwanjani Boga na somo la Leopards wa 1974

BOGA, Irumu – Jumapili jioni, baada ya ibada, vijana wanapocheza mpira, ubishi ni uleule. Kijana anakosa penalti, mpira unapita juu ya mti wa goli, na watu pembeni wanagawanyika mara moja. Wengine wanasema: "Hajui kupiga, mguu wake mbaya." Wengine wanajibu: "Anajua sana, ameogopa tu." Kila upande unaona mwenzake hajui mpira. Jua linazama, watu wanarudi nyumbani, wahami wanarudi kwenye vibanda vyao, na swali linabaki bila jibu.

Swali hilo si la mpira peke yake. Mtoto aliyekuwa anasoma vizuri kijijini kwao na sasa anashindwa kusoma mbele ya darasa, je, hajui? Fundi wa kushona aliyekimbia vita na sasa anaharibu kitambaa, je, mkono umesahau kazi? Congo ina historia moja inayosaidia kujibu. Ni ya timu ya taifa ambayo dunia nzima iliicheka.

Mwaka 1974 nchi iliitwa Zaire na rais alikuwa Mobutu. Wakati huo mpira wa Congo ulikuwa juu Afrika. Englebert ya Lubumbashi, ambayo leo ni TP Mazembe, ilikuwa imechukua kombe la klabu bingwa za Afrika mwaka 1967 na 1968. Vita Club ya Kinshasa ilichukua kombe hilo mwaka 1973. Desemba ya mwaka huohuo, Leopards waliifunga Morocco 3-0 mjini Kinshasa na kupata tiketi ya Kombe la Dunia. Zaire ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika huko.

Machi 1974 walikwenda Misri kwenye CAN. Fainali dhidi ya Zambia iliisha 2-2, ikabidi irudiwe, na Zaire ikashinda 2-0. Mabao yote 4 ya mechi hizo mbili yalifungwa na mtu mmoja, Ndaye Mulamba. Katika mashindano yale alifunga mabao 9, na hadi leo hakuna aliyefunga mengi kuliko hayo katika CAN moja. Mobutu aliwapokea wachezaji kama mashujaa, akawapa nyumba na magari.

Miezi 3 baadaye walikuwa Ujerumani Magharibi. Tarehe 14 Juni, mjini Dortmund, Scotland iliwafunga 2-0. Kwa timu iliyofika mara ya kwanza, hiyo haikuwa aibu. Halafu ikaja tarehe 18 Juni, mjini Gelsenkirchen, mechi dhidi ya Yugoslavia. Zaire ilifungwa 9-0.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Magazeti ya Ulaya yaliandika kwa dharau, kana kwamba watu hawa hawakujua mpira. Siku 4 baadaye, tarehe 22 Juni, dunia ilipata picha ya kuchekea. Brazil walikuwa wamepewa mpira wa adhabu karibu na goli la Zaire. Wachezaji wa Zaire walikuwa wamejipanga kama ukuta. Mwamuzi akapuliza filimbi, na kabla ya Mbrazil kugusa mpira, beki Mwepu Ilunga akatoka mbio kwenye ukuta, akaupiga mpira mbali kwa nguvu zake zote. Wabrazil walishangaa, na mwamuzi akampa kadi ya njano. Kwa miaka mingi picha hiyo ilionyeshwa kwenye televisheni kama mzaha: tazameni Waafrika, hata sheria hawazijui.

Tuchukulie kwanza kwamba kosa lilikuwa la mguu, yaani la ufundi. Mwepu alikuwa beki wa Englebert na wa timu ya taifa. Alikuwa ametoka kuchukua kombe la Afrika. Katika mechi zote hizo mipira ya adhabu ilikuwa imepigwa mingi mno, na yeye alikuwa amesimama kwenye ukuta kama wengine. Mtu wa namna hiyo hawezi kuwa hajui kwamba mpira wa adhabu hupigwa na upande uliopewa.

Na zile 9-0? Upande wa ufundi una hoja zake, na si vizuri kuzificha. Kocha Blagoje Vidinić alimtoa kipa Kazadi dakika ya 21 na kumwingiza Tubilandu, aliyekuwa mfupi zaidi. Baada ya bao la 4, wachezaji walimzunguka mwamuzi kwa hasira na mmoja akampiga teke. Mwamuzi alimtoa Ndaye Mulamba, ingawa si yeye aliyepiga. Mwepu alikuja kukiri baadaye kwamba ni yeye. Basi Zaire ilicheza zaidi ya saa nzima ikiwa na watu 10, bila mfungaji wake bora.

Lakini tuhesabu vizuri. Bao la 4 liliingia dakika ya 22, kabla ya kadi nyekundu. Mabao 3 yaliingia kabla ya kipa kubadilishwa. Waliocheza dhidi ya Scotland na kufungwa 2 tu ni karibu watu walewale. Baada ya siku 4 wakacheza na Brazil, waliokuwa mabingwa wa dunia, wakafungwa 3 tu. Mguu wa mtu haupotei Jumanne na kurudi Jumamosi. Kitu kingine kilikuwa kimeingia katikati.

Kitu hicho wachezaji wenyewe walikieleza miaka mingi baadaye. Kabla ya mechi ya Yugoslavia walijua kwamba pesa walizoahidiwa hazitawafikia. Wakubwa waliosafiri na timu walikuwa wamezishika. Walitaka kukataa kucheza. Wakaingizwa uwanjani, lakini mioyo yao ilibaki nje. Na baada ya 9-0, kwa maelezo ya Mwepu, watu wa Mobutu waliwafikia na onyo: wakifungwa na Brazil mabao zaidi ya 3, wasirudi nyumbani.

Sasa irudie picha ya Mwepu ukijua hayo. Mwepu alisema sheria alizijua vizuri sana. Alipiga mpira ule kwa makusudi, kwa hasira, akitaka hata atolewe nje, kwa sababu hakuona kwa nini acheze kwa ajili ya watu waliokula jasho lake. Kile ambacho dunia ilikiita ujinga wa miguu kilikuwa mzigo wa kichwa. Mwepu alifariki mwaka 2015. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa mtu wa kuchekwa, kwa sababu kwa muda mrefu hakuna aliyemuuliza.

Swali hili la mguu na kichwa limesumbua wachezaji wa gofu kuliko wa mchezo mwingine wowote. Gofu si mchezo wa Boga, lakini waliovuka Semliki wakafika hadi Kampala wanaujua ule uwanja mpana wa majani pale Kitante, katikati ya mji, ambapo watu wanapiga kampira kadogo kwa fimbo ya chuma. Waingereza walianza kuucheza Uganda, pale Entebbe, mwaka 1901. Katika mchezo huo mpira umesimama, hakuna anayekukaba, hakuna anayekimbia. Upo wewe na mkono wako. Ndiyo maana mtu akikosea hana wa kumsingizia.

Mwaustralia Ian Baker-Finch alishinda shindano kubwa la Uingereza mwaka 1991. Miaka michache baadaye alikuwa hawezi kupiga mpira mbele ya watu. Mwaka 1995, pale St Andrews, alianza kwenye shimo la kwanza, penye nafasi pana kuliko karibu popote katika gofu, akaupiga mpira nje kabisa ya uwanja. Mwaka 1997 alipiga mapigo 92 kwa siku moja katika shindano lilelile alilowahi kushinda, akajitoa. Mazoezini alikuwa akipiga vizuri. Siku ya mashindano mkono ulikataa.

Mjerumani Bernhard Langer naye alipata tatizo la mkono kutetemeka na kuruka anapopiga mpira wa karibu sana na shimo, mpira ambao hata mtoto angeuingiza. Yeye hakwenda kutafuta dawa ya moyo tu. Alibadilisha namna ya kushika fimbo, zaidi ya mara moja. Alishinda shindano kubwa la Masters huko Marekani mwaka 1985, na tena mwaka 1993. Watafiti wa hospitali ya Mayo Clinic huko Marekani walichunguza wachezaji wenye tatizo hilo, na mwaka 2003 wakaandika kwamba si ugonjwa mmoja. Kwa wengine ni misuli na mishipa ya fahamu iliyochoka kwa kurudia kitendo kimoja miaka mingi. Kwa wengine ni hofu. Na wengi wako katikati, vyote viwili vimeshikana.

Kutoka hapo kinapatikana kipimo ambacho hata kocha wa watoto wenye mpira wa majani ya ndizi anaweza kukitumia. Kosa la ufundi huonekana kila siku: mazoezini, mbele ya watu, pasipo watu, linarudi vilevile. Huyo afundishwe, arudie mara 100. Kosa la kichwa huja na kwenda: peke yake anapiga vizuri, wakimtazama anaharibu. Huyo ukimpigia kelele kwamba hajui, unamwongezea mzigo uleule unaomwangusha. Na kama Langer alivyoonyesha, dawa ya mkono inaweza kusaidia kichwa: mtu akipewa kitu kipya cha kufanya kwa mikono yake, hofu inapata nafasi ndogo.

Leopards wa siku hizi wametoa mfano mwingine. Tarehe 28 Januari 2024, kwenye CAN ya Côte d'Ivoire, walitoka 1-1 na Misri, wakashinda kwa penalti 8-7. Mkwaju wa mwisho ulipigwa na kipa Lionel Mpasi, mtu ambaye kazi yake si kufunga. Siku 13 baadaye, wakitafuta nafasi ya tatu dhidi ya Afrika Kusini, penalti hizohizo ziliwatoa 6-5, na nahodha Chancel Mbemba alikosa mkwaju wake. Wengi walimlaumu. Lakini Novemba 2025, mjini Rabat, Congo ilipopambana na Nigeria kwa penalti kutafuta njia ya Kombe la Dunia, Mbemba aliwekewa tena mpira wa mwisho, na akafunga. Mguu ulikuwa uleule.

Katikati ya CAN ile kulikuwa na jambo lingine ambalo watu wa Ituri hawatalisahau. Tarehe 7 Februari 2024, wakati wa wimbo wa taifa kabla ya nusu fainali mjini Abidjan, wachezaji walifunika midomo kwa mkono mmoja na kuweka vidole viwili kichwani kama bunduki, kuonyesha kwamba watu wa mashariki wanauawa na dunia iko kimya. Walifungwa na wenyeji 1-0 tu. Leopards wa 1974 nao walikuwa na mzigo, lakini hawakuruhusiwa kuutaja. Ukatoka kwa teke. Hawa wa 2024 waliutaja mbele ya dunia nzima, kisha wakacheza mpira.

Boga inajua mzigo ni nini. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, hapa na Tchabi, waliuawa watu zaidi ya 50, wakiwemo wahami waliodhani wamepata pa kulala. Watoto waliosikia risasi zile leo ni vijana, wako madarasani na kwenye viwanja vya Boga, Bunia na ng'ambo ya Semliki. Si kila anayekosa anakosa kwa sababu ya vita. Wapo wasiojua, na hao wafundishwe. Wapo wenye njaa, na mguu wenye njaa hauna nguvu. Lakini yupo pia anayejua vizuri kabisa, na siku akitazamwa na watu wengi, mwili wake unakumbuka usiku ule.

Ndaye Mulamba, mfungaji wa mabao 9, naye aliishia ukimbizini. Mwaka 1994 alipigwa risasi mguuni na watu wenye silaha, baadaye akakimbilia Afrika Kusini, akaishi maisha ya shida katika vitongoji vya Cape Town. Mwaka 1998, wakati wa CAN ya Burkina Faso, watu uwanjani walisimama kimya kwa ajili yake kwa sababu habari zilisema amekufa. Alikuwa hai, na majirani wengi hawakujua huyo mgeni maskini ni nani. Alifariki mwaka 2019.

Kwa hiyo Jumapili ijayo, kijana akikosa penalti, kabla ya kusema mguu wake mbaya, mmoja wa wazee amfuate pembeni baada ya mechi. Ampe mpira, wabaki wawili tu, apige tena bila watu. Akikosa tena, afundishwe. Akifunga, basi mzee asiondoke haraka. Akae naye, amuulize taratibu alikuwa anafikiria nini.