Safu yenye aina

Safu yenye aina ni muundo wa data katika lugha ya programu ya JavaScript unaotumika kusoma na kuandika namba ndani ya kipande kimoja cha kumbukumbu ya kompyuta. Safu ya kawaida inaweza kuchanganya namba, maneno na vitu vingine. Safu yenye aina hubeba namba za aina moja tu.

Safu hizi zilibuniwa kwa ajili ya WebGL, teknolojia ya kuchora picha za pande tatu ndani ya kivinjari iliyotolewa mwaka 2011. Mwaka 2015 ziliingizwa katika ECMAScript, ambayo ni sanifu ya JavaScript.

Uhusiano na bafa

Jina lake linaweza kupotosha, maana safu yenyewe haihifadhi data. Data zimo katika bafa iitwayo ArrayBuffer, yaani mfululizo wa baiti ambazo haziwezi kusomwa moja kwa moja. Safu ni dirisha la kuzitazamia. Bafa ya baiti 8 inaweza kuonekana kama namba 8 za biti 8, namba 4 za biti 16, namba 2 za biti 32 au namba 1 ya biti 64.

Madirisha kadhaa yanaweza kufunguliwa juu ya bafa moja, na badiliko linalofanywa kupitia moja huonekana katika mengine yanayogusa baiti hizohizo. Hapa ndipo makosa mengi huzaliwa. Amri ya subarray hutoa dirisha jipya juu ya baiti zilezile, ilhali slice hutengeneza nakala. Anayezichanganya anaweza kuharibu data asilia bila kupata ujumbe wowote wa kosa.

Mpangilio wa baiti

Namba 258 ikiandikwa kupitia Uint16Array, kisha bafa hiyohiyo ikisomwa kupitia Uint8Array, kompyuta nyingi za leo zitaonyesha 2 halafu 1, kwa kuwa hutanguliza baiti ya thamani ndogo. Faili za picha za PNG hutanguliza baiti ya thamani kubwa, hivyo kuzisoma kwa Uint16Array au Uint32Array huleta namba zisizo sahihi. Kwa kazi hiyo hutumika DataView, ambayo humwezesha mwandishi wa programu kuchagua mpangilio kila anaposoma. Asipochagua, hutanguliza baiti kubwa.

Bafa ikihamishiwa kwa Web Worker bila kunakiliwa, safu zote zilizofunguliwa juu yake upande wa kwanza hubaki na urefu wa 0.