Hesabu Ina Lugha: Kutoka Unguja hadi Maskati

Kuna msemo unaosikika sana kwa wanafunzi wa mwaka wa msingi hapa Maskati: hesabu haina lugha. Husemwa kwa nia njema, kumtuliza kijana aliyesoma kwa Kiarabu miaka kumi na miwili na sasa anaogopa vitabu vya Kiingereza. Anaambiwa asiwe na wasiwasi, mbili na mbili ni nne kila mahali. Baada ya wiki chache anarudishiwa karatasi yake ya mtihani. Hesabu za tarakimu tupu amepata zote. Zile za maelezo amekosa karibu zote. Anajiona hana akili ya hesabu.

Makala hii inauliza kama historia inaukubali msemo huo. Sisi wana wa chama hiki tuna sababu maalumu ya kuuliza, kwa kuwa wengi wetu tumetoka katika nyumba zilizobadilisha lugha ya hesabu mara mbili au tatu katika vizazi vitatu. Nasema mapema ninakoelekea: hesabu ina lugha, na mara nyingi alama iliyochukuliwa kuwa kipimo cha akili ilikuwa pia kipimo cha lugha.

Maneno tuliyorithi

Wahenga wa pwani walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Neno daftari lenyewe limetoka katika Kiarabu, nalo halikuja peke yake. Hebu hesabu kwa Kiswahili. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni za Kibantu. Sita, saba na tisa ni za Kiarabu, zikakaa mahali pa tandatu, mfungate na kenda. Kenda bado inasikika, na mfungate imebaki katika fungate, zile siku saba za maharusi. Laki imetoka Bara Hindi. Ukitaka kujua ni nani walifanya biashara pwani yetu, sikiliza watu wakihesabu.

Sehemu nazo zina historia. Nusu, robo, thuluthi, sudusi na thumuni zilienea pwani kwa biashara na pia kwa mirathi. Mjane mwenye watoto hupata thumuni. Mama wa marehemu aliyeacha watoto hupata sudusi. Mzee ambaye hakuingia shule ya serikali hata siku moja aliweza kugawa urithi wa shamba la mikarafuu kwa sehemu zenye asili tofauti, kazi ambayo leo humtoa jasho mwanafunzi wa sekondari. Aliiweza kwa sababu alikuwa na maneno yake, na maneno hayo yalikuwa na maana katika maisha yake.

Hili si jambo la pwani tu. Al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya 9, ndiye aliyetuachia neno aljebra kwa kitabu chake cha al-jabr. Sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu wasia na mirathi. Tena hakutumia alama kama tunazotumia leo. Milinganyo yote aliieleza kwa maneno. Kwa hiyo somo ambalo leo tunalidhani ni la herufi na ishara tupu lilianza kama sentensi.

Waliorudi

Mapinduzi ya Zanzibar yalitokea tarehe 12 Januari 1964. Familia nyingi zenye asili ya Omani zilitawanyika, Bara, Ghuba, Misri na Uingereza. Sultani Qaboos bin Said aliposhika nchi tarehe 23 Julai 1970, Omani nzima ilikuwa na shule tatu tu za serikali, na wanafunzi wasiofika 1,000, wote wavulana. Akawaita Waomani waliokuwa nje warudi kuijenga nchi. Wengi wa waliotoka Zanzibar walikuwa na elimu iliyohitajika: walianza shule kwa Kiswahili, wakaendelea kwa Kiingereza. Wakaingia maofisini, hospitalini, benki na katika kampuni za mafuta. Kiarabu cha wengi wao kilikuwa kidogo.

Watoto wao ndio walioingia katika shule mpya, na shule hizo zilifundisha kwa Kiarabu. Tutazame kinachomkuta mtoto anayezungumza Kiswahili nyumbani akifundishwa hesabu kwa Kiarabu. Kwa Kiswahili, 24 ni ishirini na nne. Kumi hutangulia, moja hufuata, kama zinavyoandikwa. Kwa Kiarabu husemwa nne na ishirini. Anayeandika kwa kufuata sikio ataandika 42. Tena zipo tarakimu za Kiarabu za mashariki, hizi tunazoziona kwenye noti za riali: sifuri ni nukta, na tano inafanana na kile kiduara ambacho mtoto aliyeanza na tarakimu za Kizungu alikijua kuwa sifuri. Akifika kwenye aljebra ya Kiarabu ya mtindo wa zamani, kisichojulikana huandikwa kwa herufi sini na sadi, na mlinganyo unasomwa kutoka kulia kwenda kushoto.

Katika yote hayo hakuna hata moja lililo gumu kihesabu. Kujumlisha ni kule kule. Lakini daftari lenye 42 mahali pa 24 lina alama ya kosa, na mwalimu anayesahihisha haoni chanzo cha kosa.

Kisha mlango ukageuka tena. Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kilifunguliwa 1986, na masomo ya sayansi, udaktari na uhandisi yakafundishwa kwa Kiingereza. Kiingereza cha babu aliyesoma Unguja, ambacho kilikuwa kama urembo tu nyumbani, kikawa ndicho anachokihitaji mjukuu. Kuanzia mwaka wa masomo 1998/99, mfumo wa Elimu ya Msingi ulianza kufundisha Kiingereza tangu darasa la kwanza, lakini kama somo. Hesabu za shule za serikali zilibaki kwa Kiarabu. Mwaka 2008 vikatolewa viwango vya taifa vya programu ya msingi kabla ya shahada, vikitaja mambo manne: Kiingereza, hisabati, kompyuta na stadi za kujisomea. Kuwekwa kwa Kiingereza na hisabati katika mwaka mmoja wa maandalizi kunaonyesha kwamba wakubwa wa elimu waliliona pengo.

Mlango wa kidato cha kwanza

Tanzania ina kisa chake. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, na Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali. BAKITA iliundwa mwaka huo huo, na kazi ya kutafuta istilahi ikashika kasi. Hapo ndipo uzuri ulipo. Namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe ikaitwa namba tasa, kama mtu asiyezaa. Namba za jozi zikaitwa shufwa na zisizo za jozi zikaitwa witiri, maneno mawili yanayotajwa pamoja katika Sura ya Al-Fajr. Wenzetu wanaosoma kwa Kiarabu leo huziita zawji na fardi. Kiswahili kimehifadhi darasani maneno ya Kiarabu ambayo darasa la Kiarabu halikuyachukua.

Lakini istilahi hizo ziliishia darasa la saba. Kidato cha kwanza kilibaki kwa Kiingereza. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiingie sekondari kuanzia 1985, serikali haikukubali. Kwa upande wa Zanzibar, sera ya elimu ya mwaka 2006 ilielekea upande mwingine: hesabu na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano, ili mtoto azoee mapema.

Matokeo ya kidato cha nne Tanzania yanajulikana. Katika miaka ya 2021 na 2022, kiasi cha mtahiniwa mmoja tu kati ya watano ndiye aliyefaulu hisabati. Tusiwe wepesi wa kusema lugha ndiyo sababu. Walimu ni wachache, madarasa yamejaa, na hata mtihani wa darasa la saba unaofanywa kwa Kiswahili huwaangusha wengi katika hesabu. Lakini haiwezekani kulitupa suala la lugha. Aliyejua witiri sasa anakutana na neno odd, ambalo mtaani lina maana ya kitu cha ajabu. Aliyejua jedwali anakutana na table, ambalo alifundishwa kuwa ni meza. Anaelezwa kuhusu basi linaloondoka saa mbili asubuhi, nalo kwa Kiingereza huondoka saa nane. Anabeba mizigo miwili kichwani, na anapimwa kwa mmoja tu.

Mwaka 1974

Mwaka huo mambo mawili yalitokea katika mabara mawili tofauti. Nairobi, mwezi wa Septemba, UNESCO iliwakutanisha wataalamu kuzungumzia uhusiano wa lugha na ufundishaji wa hesabu. Mwanaisimu M. A. K. Halliday alieleza huko wazo la rejesta ya hisabati: kwamba hesabu ina matumizi yake ya lugha, maneno na miundo ya sentensi, na kwamba lugha yoyote inaweza kujijengea rejesta hiyo. Wazo ambalo leo linatajwa duniani kote lilielezwa hapa Afrika Mashariki, wakati Kiswahili kilikuwa kikiifanya kazi hiyo hasa.

Marekani, mwaka huo huo, Mahakama Kuu iliamua kesi ya Lau dhidi ya Nichols. Wanafunzi wa asili ya Kichina huko San Francisco walikuwa wakifundishwa kwa Kiingereza wasichokijua. Mahakama ilisema kwamba kumpa mtoto kitabu kile kile na mwalimu yule yule si usawa, ikiwa haelewi lugha.

Baadaye yakaja majaribio. Mwaka 2001 Jamal Abedi na Carol Lord walichapisha utafiti wa wanafunzi 1,174 wa darasa la nane huko California. Walichukua maswali ya hesabu ya maelezo, wakarahisisha Kiingereza chake, lakini namba na kazi yenyewe wakaziacha zilivyo. Alama zilipanda kidogo. Waliofaidika zaidi walikuwa wanafunzi waliokuwa bado wanajifunza Kiingereza na wale waliokuwa katika madarasa ya hesabu ya chini. Ongezeko halikuwa kubwa, lakini fikiri maana yake: hesabu haikubadilika hata chembe, na alama zilibadilika.

Sisi tufanye nini

Sisemi Kiingereza kiondolewe vyuoni. Malaysia iliingiza Kiingereza katika hesabu na sayansi mwaka 2003, na mwaka 2009 ikaamua kurudi nyuma. Nchi hubadilisha sera kwa gharama kubwa, na wanaolipa ni wanafunzi walio katikati ya njia. Tena mwenzetu anayetaka kuwa mhandisi atahitaji Kiingereza tu.

Ninachosema ni kidogo, na kinawezekana. Kwa walimu wetu: anayekosa swali la maelezo, mpeni lile lile kwa tarakimu tupu kabla ya kuamua kwamba hajui hesabu. Akilipata, tatizo limejulikana, na dawa yake ni nyingine. Kwa wanachama wenzangu: tunapokutana kusoma, tusioneane haya kueleza hatua za swali kwa Kiswahili au Kiarabu, kisha tukaandika jibu kwa Kiingereza. Tuwe na daftari la istilahi lenye safu tatu: witiri, fardi, odd, mlinganyo, muadala, equation. Kazi hii inafaa chama kama hiki kuliko chama kingine chochote chuoni, kwa sababu tuna lugha zote tatu ndani ya chumba kimoja.

Wazee wetu waligawa mirathi kwa thumuni na sudusi, wakarudi nchi ambayo nne ilitangulia ishirini, wakaishi. Hawakuwa wazito wa hesabu walipokosea. Walikuwa wakibadilisha lugha. Mwenzako akikosa swali la basi la saa mbili, muulize kwanza alilisoma kwa lugha gani.