Kikanzamaji cha Mkondo

Katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Busia na Malaba huuzwa leo chombo kidogo cha plastiki, chenye umbo la kichwa cha shawa na mkia wa nyaya tatu, ambacho muuzaji hukiita instanti na fundi wa stima hukiita hita, nacho kazi yake ni kuyapasha moto maji yapitayo ndani yake pasipo kuyaweka hata kidogo. Kiingereza hukitambulisha chombo cha namna hii kwa kukanusha, yaani kwamba hakina tangi. Na wafasiri wetu, kwa haraka, hutuandikia kikanzamaji kisicho na tangi, maneno yasiyo na kosa la sarufi, walakini hayamsaidii mwenye nyumba anayejiuliza kama aiache gaiza yake ya zamani, kwa sababu humweleza kilichoondolewa na kumnyima habari ya kitakachodaiwa badala yake.

Wazee wetu walipoletewa simu isiyohitaji waya, hawakuiita kwa upungufu wake, bali waliiita simu ya upepo. Kwa kuifuata kanuni hiyo napendekeza tuseme kikanzamaji cha mkondo, na mwenzake mwenye pipa tumwite kikanzamaji cha hodhi. Kwani mkondo ni wa maji na ni wa umeme pia, na chombo hiki huitegemea mikondo yote miwili kwa wakati mmoja, ilhali hodhi huyalimbikiza maji moto yakangoja mtu. Neno gaiza halitufai kwa kuwapambanua hawa wawili, kwa kuwa maana yake imekwisha kupinduka: Mwingereza Benjamin Waddy Maughan, aliyelitumia mwaka 1868 kwa kulikopa jina la chemchemi ya moto ya Iceland, alikuwa ametengeneza chombo cha gesi kilichokanza maji yakiwa mbioni, na leo katika Kenya gaiza ni lile pipa la ukutani.

Fundi akikifungua kikanzamaji cha mkondo, huonekana koili ya waya na, nyuma yake, kiwambo cha mpira. Maji yajapo kwa nguvu hukisukuma kiwambo, ncha za umeme zikakutana, koili ikashika moto. Yakilegea, kiwambo hurudi, ncha zikaachana, na mwogaji akapigwa na maji baridi kichwani penye sabuni. Ndiyo sababu nyumba nyingi za chini, ambazo tangi lake la plastiki limewekwa papo juu ya dari ya bafu, hulaumu chombo kwa kosa la kimo: tangi halina budi kuinuliwa juu ya mnara, ama sivyo pampu ndogo itiwe njiani.

Mkondo wa pili, ule wa umeme, ni wa kuhesabiwa. Lita moja ya maji, ili ipande digrii moja, hutaka kilojuli 4.2. Tukikadiria kwamba maji hutoka mferejini yakiwa na digrii 23, nasi twayataka yafike 38, basi lita 3 kwa dakika hutaka kilowati 3 na kitu. Huko Ulaya ya kaskazini, ambako wakati wa baridi maji huweza kuingia nyumbani yakiwa na digrii 5, kazi hiyo hiyo hutaka karibu kilowati 7. Kwa hiyo hofu nyingi tusomazo kutoka nchi za baridi, kuhusu gharama ya kuibadili nyumba nzima, zimetuzidi kipimo. Chombo cha kilowati 5.5 chatutosha, nacho kwa volti 240 huvuta ampea 23, mzigo ambao waya mwembamba wa soketi hauuwezi. Lahitajika waya wa milimita 6 za mraba utokao moja kwa moja kwenye kisanduku cha stima, wenye swichi yake peke yake.

Jioni, volti zikishuka hadi 200, chombo hupoteza karibu thuluthi ya nguvu zake, kwa kuwa nguvu hupungua kwa mraba wa volti. Na yasikitisha kuona stima ikinyauka katika janibu hizi, ambako, kwa mkataba wa 1955, umeme wa bwawa la Owen Falls la Uganda uliletwa Kenya kwa njia ya Tororo, mji ulio jirani kabisa na Malaba. Dawa ni kuifunga koki kidogo ili maji yapite polepole, lakini si polepole hata kiwambo kikaachia.

Kwa matumizi, kuoga dakika 8 hula kama robo tatu ya yuniti moja. Hodhi la lita 50, kulifikisha digrii 60, hula yuniti 2 na zaidi, kisha hupoa usiku kucha bila ya mtu kuligusa. Familia ndogo hupata faida dhahiri. Gesti ya madereva wa malori ni habari nyingine, kwani wageni huamka alfajiri wawahi foleni ya forodha, na vyumba 6 vikifungua maji kwa pamoja ni kilowati 33, mzigo ambao laini ya kawaida ya nyumba haiubebi.

Mwenye gesti, basi, na abaki na hodhi, ila alipandishe juu ya paa likanzwe na jua. Mwenye nyumba na achukue cha mkondo. Na ikiwa maji yake ni ya kisima chenye chumvi, adai kile ambacho koili yake imefunikwa, kwa maana koili iliyo uchi huweza kuupitisha umeme katika maji mpaka mwilini. Nawasihi wote wawili wasimruhusu mtu yeyote kuoga kabla fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, hajaupima waya wa ardhi.