Usiku Uliotawaliwa na Tanuru: Historia ya Usingizi Lubumbashi

Mwaka 1911, kando ya mto Lubumbashi, kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliwasha tanuru lake la kwanza la kuyeyusha shaba. Reli kutoka Rhodesia ilikuwa imefika mwaka mmoja tu kabla, na mji wa Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, ulikuwa bado mchanga kabisa. Tanuru la aina ile halizimwi jioni likawashwa tena asubuhi. Likipoa, madini yaliyoyeyuka huganda ndani yake na kulifungua upya huwa ni kazi ya kuvunja na kuchonga. Kwa hiyo lilipaswa kulishwa makaa na mawe ya shaba saa zote, watu wakipokezana. Tangu siku hizo usiku wa Lubumbashi ukapata mwenyewe, na mwenyewe huyo alikuwa kazi.

Anayelala leo katika mtaa wa Karavia, unaojulikana kwa hoteli kubwa yenye jina hilohilo karibu na uwanja wa gofu, anaweza kudhani kwamba usingizi ni suala la godoro zuri na mahali pa kimya. Anayejigeuzageuza kitandani katika mitaa ya Katuba, Kenya au Ruashi anaweza kujilaumu kwamba mawazo yamemzidi. Wote wawili wanaishi katika mji ambao, kwa zaidi ya miaka 100, umepangiwa saa za kulala na za kuamka na watu wengine. Bila kuijua historia hiyo, ni vigumu kuelewa kwa nini watu wengi hukesha bila kutaka, na ni vigumu zaidi kuwasaidia.

Kabla ya kampuni, shaba ya Katanga ilikuwa na msimu wake. Wasanga, na baadaye Wayeke wa Bunkeya, ambao Wazungu waliwaita "walaji wa shaba", walichimba na kuyeyusha madini wakati wa kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani. Mafundi walipiga kambi karibu na machimbo, wakajenga matanuru madogo kwa udongo wa vichuguu, wakavukuta, wakamimina misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha hadi mbali. Mvua za kwanza ziliwarudisha mashambani. Kazi ilikuwa nzito, lakini ilikuwa na mwanzo na mwisho, na mwili ulipata muda wa kulipwa deni lake.

Jinsi watu wanavyolala pasipo umeme wala kengele za kiwanda si jambo la kubuni tena. Mwaka 2015 watafiti walichapisha vipimo vya usingizi wa Wahadzabe wa Tanzania, pamoja na Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia. Watu hao walilala kati ya saa 5.7 na 7.1 kwa usiku, si zaidi ya wakazi wengi wa mijini. Hawakulala jua lilipozama. Kwa wastani walikaa macho zaidi ya saa tatu baada ya magharibi, kisha wakalala joto lilipokuwa likishuka na kuamka karibu na alfajiri. Waliolalamika kukosa usingizi walikuwa wachache mno. Idadi ya saa, basi, haielezi kila kitu. Kilichowalinda zaidi yaelekea ni mpangilio: giza, ubaridi wa usiku, mwanga wa asubuhi, na saa ya kuamka isiyoyumba.

Élisabethville iliuvunja mpangilio huo kwa njia mbili, kiwandani na mitaani.

Mitaani, serikali ya kikoloni iligawa usiku kwa rangi ya ngozi. Mwafrika hakuruhusiwa kuonekana katika mji wa Wazungu kuanzia saa tatu usiku hadi karibu na mapambazuko, isipokuwa awe na kibali. Katikati ya mji wa Wazungu na makazi ya Waafrika uliachwa ukanda mtupu, ulioitwa wa kinga ya afya. Hoja iliyotolewa ilikuwa malaria: mbu wanaoieneza huuma usiku, na wataalamu wa wakati ule waliamini kwamba umbali ungewazuia kuruka kutoka kwa Mwafrika aliyelala hadi kwa Mzungu aliyelala. Mtaa wa Commune Albert, ambao leo ni Kamalondo, ulipangwa ng'ambo ya ukanda huo miaka ya 1920. Hivyo usingizi wa upande mmoja ulilindwa kwa sheria na upimaji wa ardhi, na upande wa pili ukaachiwa mbu.

Waliobaki ng'ambo ya Wazungu usiku walikuwa maboi, watumishi wa nyumbani waliolala katika vijumba vya nyuma ya viwanja vya mabwana zao. Saa zao hazikuwa na mpaka. Waliamka kabla ya bwana kuamka na kulala baada ya wageni wake kuondoka. Mwaka 1965 mmoja wao, André Yav, aliandika kwa niaba ya wenzake historia ya mji huo kwa Kiswahili cha Lubumbashi, na maandishi yake ni miongoni mwa ushahidi wa thamani kubwa wa jinsi ukoloni ulivyoonekana kutoka jikoni.

Kiwandani, mambo yalianza vibaya. Wafanyakazi wa miaka ya mwanzo walisajiliwa kutoka mbali kwa mikataba ya muda mfupi, wakarundikwa katika kambi zilizojaa maradhi, na vifo vikawa vingi. Katika miaka ya 1927 na 1928 Union Minière ilibadili sera. Ilitaka mfanyakazi aje na mke, akae miaka, azae watoto. Nyumba za matofali zikajengwa, posho ikagawiwa, hospitali na shule zikafunguliwa chini ya uangalizi wa daktari Léopold Mottoulle. Watu walikuja kutoka Lomami, Kasai, Maniema na hata Ruanda-Urundi. Kiswahili kikawa lugha yao ya kazi, na baada ya muda lugha ya ndoto za watoto wao.

Lakini tanuru halikubadilika. King'ora kilitangaza zamu, na maisha ya kambi yalikifuata. Aliyeshika zamu ya usiku alirudi nyumbani jua likichomoza, akala bukari (ugali), akajilaza katika nyumba ya vyumba vichache ambamo watoto walicheza, majirani walitwanga, na mwanga uliingia kila upande. Alipoanza kuzoea, zamu ilibadilika.

Sayansi ya leo inaeleza kilichompata. Ndani ya ubongo mna saa inayorekebishwa na mwanga unaoingia machoni. Giza linapoingia, ubongo huachilia homoni ya melatonini na joto la mwili huanza kushuka. Asubuhi mambo hugeuka. Ugunduzi wa jeni zinazoendesha saa hiyo uliwapatia Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young Tuzo ya Nobel mwaka 2017. Anayelala mchana hulala wakati mwili wake unamwambia aamke, ndiyo maana usingizi wake huwa mfupi na mwepesi, hata akiwa amechoka sana. Madhara hayaishii kwenye uchovu. Mwaka 2007 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliorodhesha kazi ya zamu za usiku miongoni mwa mambo yanayoelekea kusababisha saratani, na mwaka 2019 likathibitisha uamuzi huo.

Kongo ina ushahidi mwingine, wa kusikitisha, wa uzito wa saa hiyo. Ugonjwa wa malale, unaoenezwa na mbung'o, ulihofiwa sana Katanga katika miaka ya mwanzo ya ukoloni, na vijiji vya bonde la Luapula vilihamishwa kwa ajili yake. Vimelea wakifika kwenye ubongo, mgonjwa husinzia mchana na kukesha usiku: saa yake imevurugwa. Mafanikio ya hivi karibuni yametoka Kongo yenyewe. Dawa ya vidonge ya feksinidazole ilijaribiwa nchini humo katika utafiti ulioongozwa na daktari Victor Kande, na ikaidhinishwa mwaka 2018.

Vita Kuu ya Pili ilikaza kamba. Dunia ilidai shaba zaidi, bei za vitu zikapanda, mishahara ikabaki nyuma. Wafanyakazi waligoma, na tarehe 9 Desemba 1941 askari waliwafyatulia risasi katika uwanja wa mpira wa Élisabethville. Makumi waliuawa, akiwemo msemaji wao Léonard Mpoyi. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu aliuchora mkasa huo katika miaka ya 1970, uthibitisho kwamba kizazi ambacho hakikuwepo kilikuwa kimeurithi.

Hata hivyo usiku wa kambini haukuwa wa mateso matupu. Katika miaka ya 1950 padre Placide Tempels alianzisha Jamaa miongoni mwa wachimbaji wa eneo la Kolwezi, chama cha mafundisho ya Kikatoliki kilichoenea hadi Lubumbashi. Wanajamaa walizichukulia ndoto kwa uzito mkubwa. Walisimuliana ndoto hizo na kuzifafanua kama sehemu ya safari yao ya imani. Kwa watu ambao saa zao zote zilikuwa zimehesabiwa na kapita, msimamizi wa kazi, kilichotokea usingizini kilibaki mali yao.

Mwaka 1967 Union Minière ikataifishwa, na mrithi wake, Gécamines, akaendelea kulea watu kama zamani. Wafanyakazi walisema kampuni njo (ndiyo) baba, njo mama. Mwaka 1986 ilizalisha takriban tani 476,000 za shaba. Kisha baba akaanguka. Mgodi wa Kamoto uliporomoka Septemba 1990, uporaji ukafuata mwaka 1991, Wakasai wakafukuzwa mwaka 1992 na 1993, na uzalishaji ukashuka chini ya tani 50,000. Mishahara ilicheleweshwa miezi na miezi. Kuanzia mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliwaelezea vizuri wafanyakazi wa kampuni hiyo aliposema ni watoto walioachwa na baba yao.

Hapo ndipo sababu ya kukesha ilipogeuka. Zamani mtu alikosa usingizi kwa sababu alikuwa kazini. Sasa alikosa kwa sababu kazi haikuwepo. Aliyezoea king'ora alilala bila kujua saa ngapi ataamka, wala aamkie nini. Juu yake zikaongezeka karo ya watoto, hofu ya majambazi, kelele za baa, maombi ya mkesha yenye vipaza sauti, na umeme unaokatika jioni ukarudi usiku wa manane, saa ambayo mama wa nyumba huamka kupiga pasi na kuchota maji. Wengine walitafuta chanzo cha masumbuko hayo katika bulozi, yaani uchawi, na hofu ya mlozi huzidisha kukesha.

Mtaalamu wa saikolojia Arthur Spielman alieleza mwaka 1987 kwamba ugonjwa wa kukosa usingizi hujengwa na mambo matatu: hali inayomfanya mtu awe rahisi kuupata, tukio linaloufyatua, na mazoea yanayoudumisha. Historia ya Lubumbashi inajaza nafasi zote tatu. Miaka ya zamu ilidhoofisha saa ya mwili. Kuachishwa kazi, vita na msiba vikaufyatua ugonjwa. Kisha mtu akaanza kulala mchana kufidia, kukaa kitandani saa nyingi akihesabu madeni, kunywa bia ya Simba au lutuku, pombe kali ya kienyeji, ili apate kusinzia, na tatizo la wiki mbili likawa la miaka. Waganga wa hospitali huliita sugu linapomjia mtu angalau siku tatu kwa wiki kwa miezi mitatu.

Ni jambo hilo la tatu, mazoea, linalotibika kwa urahisi zaidi. Chama cha madaktari wa Marekani, American College of Physicians, kilipendekeza mwaka 2016 kwamba watu wazima wenye tatizo sugu waanze na tiba ya mazungumzo na kubadili mazoea kabla ya vidonge. Msingi wake ni rahisi na haudai fedha nyingi. Mtu huamka saa ileile kila siku, hata kama hakulala vizuri, na kutoka nje kwenye mwanga wa asubuhi. Huenda kitandani anaposinzia tu. Akikaa macho kama dakika 20, huinuka, akakaa mahali penye mwanga hafifu hadi usingizi umrudie. Muda wa kukaa kitandani hupunguzwa ukaribiane na muda anaolala kweli, kisha huongezwa polepole. Hatua hii ifanywe kwa ushauri wa mganga, hasa kwa anayeendesha mitambo au mwenye kifafa. Kahawa huachwa tangu mchana, kwani saa tano baada ya kuinywa karibu nusu ya kafeini ingali mwilini. Pombe humlaza mtu haraka, kisha humwamsha katikati ya usiku.

Vidonge vya usingizi vinavyonunuliwa bila cheti cha daktari ni hatari: mwili huvizoea na kuviacha huwa kazi. Anayekoroma kwa nguvu na kukatika pumzi, mwenye maumivu ya kudumu, au aliyepoteza hamu ya kuishi anahitaji kuonana na mganga haraka, kwa sababu kukesha kwake ni dalili ya jambo jingine.

Katanga ya leo imejaa tena migodi inayofanya kazi usiku na mchana, ikiwa na wenye mali wapya na vijana wapya. Makosa ya karne iliyopita hayana haja ya kurudiwa. Wenye migodi wapange zamu zisogee mbele, kutoka asubuhi kwenda mchana kisha usiku, na waache siku za kutosha za kupumzika kabla ya mabadiliko. Waganga wa zahanati wamuulize kila mgonjwa analala vipi na anafanya kazi saa ngapi. Na familia yenye mtu wa zamu ya usiku imfungie pazia zito dirishani, iwatume watoto wakacheze kwa jirani, na imwache alale hadi aamke mwenyewe.